Vikombe vya Mulevi

Ninyi mulioanza kazi ya pepinieri, bustani hii ya miche, juzi juzi, mukifika kwangu munaangalia kwanza mikono yangu. Nimewaona. Munajiuliza mwanamke mzee namna hii bado anashika kisu bila kutetemeka namna gani. Basi niwaambie bila haya: katika Butembo nzima, tangu nilipokuwa msichana mpaka magoti yalipokataa, hakuna mtu aliyenishinda kuunganisha kenkina, ule mti wa dawa ya malaria. Kahawa nimeotesha, avoka nimeotesha, maua ya arusi za mabinti wa matajiri nimeotesha. Mti uliokufa mikononi mwangu ulikuwa umeshaamua kufa mbele ya kufika kwangu.

Masista walinifundisha kuandika Kiswahili cha kitabu, na hicho nitajaribu kukifuata. Lakini watu wangu wakifungua mdomo nitawaacha waseme Kiswahili yetu ya hapa. Mkubwa wangu wa kazi, Tata Mbusa, nikimfanya aongee kama padri anasoma Injili, atafufuka kuja kunigombeza.

Leo sitaki kuwaambia habari ya kenkina. Nataka kuwaambia habari ya Mulevi.

Mulevi ni mmea, musicheke. Padri mmoja mzee aliuleta zamani sana kutoka milima ya Asia, ukiwa mdogo kama kidole, akaupanda katika pepinieri ya misioni, halafu yeye mwenyewe akarudi kwao kuzikwa. Jani lake ni refu kama la tumbaku. Mwisho wa jani kunatoka kamba nyembamba, na mwisho wa kamba kunaning'inia kikombe, kikombe kabisa, chenye mdomo na kifuniko. Ndani muna maji. Nzi anafuata utamu wa pale mdomoni, anateleza, anaingia, na safari yake inaishia mule. Mmea unamla pole pole. Siku moja Tata Mbusa aliangalia vikombe kumi na viwili vimenyooshwa kila upande, kama watu wanaoomba kuongezewa kasikisi, ile pombe yetu ya ndizi, akasema: "Huyu njo mulevi," ndiye mlevi mwenyewe. Jina likabaki.

Mulevi alikuwa peke yake. Mimea ya namna hiyo iko ya kike na ya kiume, na huyu alikuwa wa kike. Alitoa maua kila mwaka na hakupata mbegu hata moja, kwa sababu bwana wake alibaki Asia. Mwingine hakukuwa Butembo, hakukuwa Beni, na kama alikuwako Kinshasa, sisi hakuna aliyetuambia.

Wiki yangu ya kwanza pale misioni nilifanya kosa ambalo Munande peke yake anaweza kulifanya kwa moyo safi. Sisi Wanande tunazaliwa na jembe. Ukimpa Munande mwamba, ataulimia. Sasa mimi nikakuta mmea mzuri hivi umelazwa juu ya vipande vya makaa na manyoya ya mlimani, yale manyoya ya kijani yanayoota juu ya magogo yenye kulowa. Nikasikia huruma. Nikasema, maskini, wamemtupa juu ya takataka. Nikaenda nyuma ya jiko, nikachota udongo mweusi, nikachanganya na mavi ya mbuzi yaliyoiva vizuri, nikamjazia, nikamnywesha maji ya chemchemi, nikasimama pembeni kungojea sifa.

Siku ya sita ncha za majani zilikuwa nyeusi. Siku ya tisa vikombe vilikunjamana kama matiti ya bibi kizee. Tata Mbusa akaja, akachuchumaa, akanusa chungu.

"Kavira. Njo weye ulimupa mbolea?"

"Ndiyo, Tata. Alikuwa na njaa."

"Nani alikuambia?"

"Nilimuona."

Hakupiga kelele. Mtu yule hakujua kupiga kelele. Alicheka kwa mabega tu. "Weye Munande, unafikiri kila kintu iko na njaa sawa weye. Huyu alizaliwa ku udongo maskini. Njo maana alijifunza kukamata nzi. Ukimupa utajiri, anakufa."

Tuliosha mizizi yake kwa maji ya mvua, mmoja mmoja, tangu asubuhi mpaka kengele ya saa sita. Ni mizizi myeusi, myembamba, ukiivuta inakatika. Pale pale akanifundisha mambo ya maji. Mvua ikianza, usiweke ndoo kwanza. Uache mvua ioshe manjanja ya nyumba, yale mabati ya paa, iondoe kutu na vumbi na mavi ya ndege. Ukihesabu Salamu Maria kumi, ndipo uweke ndoo. Maji ya chemchemi ni matamu kwa mtu, lakini yamebeba mawe ndani yake, na Mulevi anayasikia mawe hayo kwenye ncha za majani.

Na mimi, kwa ujuaji wangu, nikanyoosha kidole kupima maji ya ndani ya kikombe. Alinipiga mkono. Ni mara moja tu alinipiga katika miaka yote.

"Kidole hapana! Kidole yako iko na chumvi, iko na mafuta ya mboga ya sombe, iko na jasho. Ukitia kidole mule, siku tatu inaoza. Miye niko naye miaka makumi mbili, sijatia kidole hata siku moja."

Sheria hiyo niliishika mpaka leo, na ninyi mutaishika.

Kitu kingine alichokataza ni kisu. Nilimwambia mara nyingi: Tata, tukate kipande cha shina, tukioteshe, tupate wa pili. Kwenye kenkina tulikuwa tunafanya hivyo kila siku. Alitikisa kichwa. "Mama mumoja hapana kata." Alikuwa anaogopa, ndiyo ukweli, na mimi nilimheshimu mno kumwambia hivyo.

Manyoya ya mlimani yanaoza baada ya miaka miwili, mitatu, lazima kuyabadilisha. Mazuri yanatoka juu ya Mutwanga, upande wa Ruwenzori, kule ambako mawingu hayaondoki. Nilikuwa naenda na pikapu, nanunua gunia kwa mzee mmoja anayeyashusha, narudi nimeyafunika ili upepo usiyakaushe. Siku moja kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja mrefu, mtu wa mbali, alifungua gunia akatia mkono.

"Mama, oyo nini?"

"Kitanda ya Mulevi, chef."

Aliniangalia, akaangalia manyoya, akafikiri Mulevi ni bwana wangu. "Pole sana, mama," akasema, akafunga gunia mwenyewe, akaniombea nafasi ya mbele karibu na dereva. Tangu siku ile, kila mara nilipopita, alikuwa ananiuliza kama bwana ameacha pombe.

Halafu vita ikaja. Tulifikiri itapita kama mvua ya mwezi wa saba. Haikupita. Walikuja hawa, wakaondoka, wakaja wengine wenye jina la herufi nyingi, wakagawanyika, kila kipande na herufi zake. Kundi moja likalala katika pepinieri yetu. Miche ya kenkina niliyoiunganisha kwa mikono hii wakaifanya kuni za kupikia maharagi. Nilipoona vile nililia kama mtu aliyefiwa, sifichi.

Tata Mbusa alikuwa ameshazeeka. Binti yake akatuma neno kwamba aende kuishi kwake Beni. Siku ya kuondoka aliweka mkono juu ya chungu cha Mulevi.

"Kavira, mwingine hayuko. Ku Beni joto itamuua, yeye anapenda baridi ya hapa. Umupeleke ku lupango yako, kwako ku nyumba. Usimuache afe."

"Hatakufa, Tata."

Nilisema hivyo kwa kiburi chote cha miaka yangu thelathini na sita.

Nilimfunga mgongoni na kitenge, kama mtoto, nikafunika vikombe na kitambaa cha kichwa. Njiani askari akaniuliza: "Mutoto iko na miaka ngapi?" Nikajibu bila kufikiri: "Makumi tatu na kitu." Alicheka mpaka bunduki ikashuka begani, akaniacha nipite, akidhani vita imenichukua akili. Kila hatua vikombe vilikuwa vinamwagika. Nikafika nyumbani nimelowa mpaka kiunoni, kama mama yeyote mwenye mtoto mdogo.

Nilimweka nyuma ya nyumba, katikati ya ukuta na bafu, chini ya migomba. Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi munakosea munapotunza mmea wa namna hii nyumbani. Munamweka sebuleni, wageni wamsifu. Sebule ni kavu. Jani litatoka zuri, kamba itatoka, lakini kikombe hakitafunguka, kitakauka kidogo kama kichwa cha kiberiti. Yeye anataka hewa yenye unyevu, jua la asubuhi tu, na chungu kisigeuzwe geuzwe. Pale karibu na bafu alikuwa anapata mvuke kila mtu akioga. Mwaka ule alitoa vikombe ishirini na kitu. Tata Mbusa mwenyewe hakuwahi kufika hapo.

Nilikuwa naishi na ndugu yangu mdogo, Katembo. Mama yetu alikufa yeye akiwa bado ananyonya, basi nilimlea mimi, kwenye mgongo huu huu. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, mwenye nguvu, anasukuma chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imejaa maharagi, anauza Beni, mara nyingine anafika mpaka Eringeti. Kijana wa kucheka sana. Aliniita Yaya, dada mkubwa, na alikuwa ananiambia nimeolewa na jani.

Sasa nifike kwenye kosa langu lenyewe. Lile la mbolea lilikuwa dogo.

Askari waliolala shuleni karibu nasi walikuwa wanapita kuomba maji. Mmoja akamwona Mulevi, akataka kung'oa kikombe anywee chai. Ningefanya nini? Nikachukua kikombe kichanga, kile ambacho kifuniko hakijafunguka bado, nikakitoboa na mwiba mbele ya macho yake. Maji yakatoka, safi kabisa. Hiyo ni kawaida yake, anatengeneza maji yake mwenyewe mbele ya kufungua mlango. Lakini mtu asiyejua akiona anatetemeka. Nikamwambia: "Umeona? Mvua haijaingia mule, upepo haujaingia. Hata risasi haiwezi kuingia mule."

Alirudisha mkono, akafanya ishara ya msalaba. Ilifaa vizuri sana. Basi nikamwambia na wa pili, na wa tatu, majirani wakisikiliza, mimi nikijisikia mwerevu kuliko jeshi zima. Ulimi hauna mfupa, wajukuu wangu.

Siku chache baadaye Katembo alirudi kwa miguu. Karibu na Mbau watu wenye silaha walikuwa wamemnyang'anya maharagi na chukudu, wakamlaza chini, wakampiga fimbo mgongoni mbele ya wanawake wa sokoni. Nilimkanda na maji ya moto. Hakulia. Hakusema chochote, na huyo alikuwa mtu wa kusema kutwa nzima. Nilianza kuogopa pale.

Wakati huo vijana wengi walikuwa wanaingia msituni. Munajua habari hizo: unanyunyiziwa maji na mtu anayeitwa Dokta, unafungwa hirizi, unapewa sheria. Usiibe, usishikane mkono na mtu wa nje, usiguse mwanamke, usile wala usinywe kitu kilichopita mkononi mwa mwanamke aliye katika siku zake. Ukishika sheria, risasi inageuka maji. Ukivunja, kosa ni lako. Ndiyo maana hakuna aliyekufa akarudi kulalamika.

Asubuhi moja nilikuta vikombe vitatu vya Mulevi vimekauka ndani. Katembo alikuwa anavaa shati. Shingoni alikuwa na kichupa kile cha penisilini ambacho wauguzi wanakitupa, kimefungwa na uzi, na ndani muna maji ya rangi ya chai nyepesi.

"Katembo, hii ni nini?"

"Yaya, uache tu."

"Ni mayi ya Mulevi?"

"Dokta alisikia habari yake. Alisema njo mayi yenye nguvu kupita yote. Jumamosi atakuya na batu kuichota. Atatunyunyizia hapa hapa, halafu tunaenda."

Nikavuta sahani, nikainamisha kikombe kimoja kikubwa, nikamwaga vilivyomo. Mabawa ya nzi, siafu, mguu wa mende, harufu ya kuoza. "Angalia! Ni supu ya nzi! Hapana dawa. Ni tumbo ya mti."

"Yaya, unaficha."

"Naficha nini?"

"Ulisema weye mwenyewe mbele ya batu. Hata risasi hapana ingia. Mara tatu ulisema. Sasa juu ya vile niko ndugu yako, unasema ni supu."

"Nilikuwa nacheka na basoda bale ba shuleni, Katembo! Nilisema bongo, uongo tu!"

Akanitazama, macho mekundu. "Banatupiga kila siku kama punda. Nifanye nini? Nikae nyuma ya bafu nihesabu vikombe?" Akatoka.

Hasira yake ilikuwa ya haki, na maji yangu yalikuwa ya uongo, na vyote viwili vilikuwa vinaning'inia kwenye shingo moja. Nilikwenda kanisani nikapiga magoti, lakini sala haikutoka, ilitoka hesabu tu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Jumamosi saa tisa ya mchana walifika. Dokta huyo nilimfahamu, zamani alikuwa anauza petroli kwa vikopo sokoni, kijana wa miaka ishirini na tano hivi, sasa amevaa ngozi ya mnyama kiunoni juu ya suruali ya jeans. Nyuma yake vijana kumi na wawili wenye mapanga na bunduki tatu, na vichupa shingoni kama kile cha Katembo. Katembo alikuwa kati yao, hakuniangalia. Majirani walifunga milango yao pole pole.

"Mama Kavira," Dokta akasema akiwa mbali, kwa sababu ya sheria zake, "tumefika kuchota mayi."

Ukweli nilikuwa nimeshausema na umekataliwa. Nilisimama mbele ya Mulevi, nikamuuliza kwa sauti ya mwalimu: "Dokta, mayi yenye mukono ya mwanamuke imeingia, bado iko dawa?"

Akakunja uso. "Hapana. Imekufa."

"Na huyo mwanamuke akiwa mu mwezi wake?"

Vijana wawili walirudi nyuma hatua moja.

"Basi munisikilize," nikasema, nikainua mikono hii munayoiangalia. "Nani anaosha vikombe hii? Miye. Kila siku natia mukono mule, natoa nzi, natoa uchafu. Nikiwa muzima natia. Nikiwa mu mwezi natia. Hata jana. Miaka yote hakuna siku mukono yangu haikuingia mu mayi hii. Sasa mukuye muchote."

Kijana mmoja akakata uzi wa kichupa chake kama mtu aliyekuta nyoka shingoni, akakitupa. Vichupa vikaanza kuruka migombani. Dokta aligeuka rangi ya majivu. Akaniita jina ambalo sitaliandika hapa. Mmoja aliinua bunduki, na nikaona tundu lake dogo jeusi likiniangalia, na haki ya Mungu nilikojoa palepale nikiwa nimesimama. Nawaambia ili musifikiri nilikuwa shujaa.

"Usimupige," Dokta akasema. "Damu yake itatufuata." Akarusha panga miguuni kwangu. "Ukate huo mti weye mwenyewe. Wote."

Nikaokota panga. Kazi ni kazi, mikono inajua kitu ambacho kichwa kimesahau. Nilikata pale ambapo ningekata kenkina: juu ya jicho la pili kutoka chini, pale panapotokea chipukizi, mshazari, pigo moja safi. Mulevi akaanguka na vikombe vyake vyote. Maji yakanitiririkia miguuni.

Katembo akasonga mbele ili aondoke nao. Dokta akamnyooshea fimbo, bila kumgusa.

"Weye hapana. Weye ulilelewa na mikono ile. Mayi gani itakusafisha?"

Wakaondoka, Katembo amesimama katikati ya lupango mbele ya mtaa mzima, kama mtu aliyevuliwa nguo. Walinyunyiziwa maji mengine, ya mto, kesho yake. Kati yao walikuwa rafiki zake wanne wa kusukuma chukudu.

Hakusema nami tena. Alikula nilichopika akinipa mgongo. Miezi mitatu. Nilikuwa nimempata akiwa mzima, lakini ndani ya nyumba nilikuwa na ukuta unaotembea. Jioni ile ile ya Jumamosi nilikuwa nimekata shina lililoanguka vipande vyenye macho matatu, nikapunguza kila jani nusu, nikavisimika katika manyoya ya mlimani, nikavifunika na mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Vipande saba. Kisiki nikakiacha chunguni. Sikuwa na matumaini, nilikuwa tu nahitaji mikono yangu iwe na kazi.

Habari ikafika siku ya soko. Kulikuwa na mapigano upande wa Mbau. Rafiki wale wanne, hakuna aliyerudi. Mama wa mmoja wao alipita barabarani akipiga kelele, kitenge kikimwanguka, wanawake wakimkimbilia.

Katembo alitoka nje, akakaa chini karibu na chungu. Alikaa muda mrefu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya mlima, tone la kwanza likagonga manjanja, la pili, halafu mvua yote. Hakuondoka. Nikasikia midomo yake inahesabu, Salamu Maria, Salamu Maria, kumi kamili. Kisha akainua kichwa.

"Yaya, ndoo iko wapi?"

Njia ilipotulia kidogo nilishuka Beni kumwona Tata Mbusa. Nilikwenda kama anayekwenda kuungama. Alikuwa kwenye kiti cha kamba, macho yameingia utando, hanioni vizuri. Nikamwambia yote.

"Ulikata?"

"Nilikata, Tata. Unisamehe."

"Wapi?"

"Juu ya jicho ya pili. Mshazari."

Mabega yakaanza kucheka. "Na vipande?"

"Saba. Viwili viliota. Na kisiki kimetoa machipukizi matatu."

"Donc basi, weye hapana kata, Kavira. Ulipogoa." Akatafuta mkono wangu, akaushika. "Miaka yote ile miye nilikuwa naogopa kisu. Woga yangu njo ilimufanya abakie mumoja."

Alikufa mwaka ule, na nilimwekea kaburini jani moja lenye kikombe chake. Leo wako Mulevi kumi na moja, wote wa shina lile. Ninyi munaowamwagilia kule nyuma munadhani walinunuliwa.

Katembo sasa ana mvi nyingi kuliko mimi. Alioa, ana watoto sita, na maji ya mvua ya vile vyungu bado anakinga yeye. Hamruhusu mtu mwingine. Habari ya Jumamosi ile hatukuizungumza miaka na miaka. Juzi tu, wengi wenu mulipokuwa mumeenda kula, alikuwa ananisaidia kubadilisha manyoya, na mmoja wenu alikuwa ametoka kunyoosha kidole kwenye kikombe, nami nikampiga mkono, kama nilivyopigwa. Katembo aliona. Akasimama na ndoo mkononi.

"Yaya. Siku ile ulisema mukono yako ilikuwa inaingia mule kila siku."

"Nilisema."

"Ilikuwa inaingia?"

"Hata siku moja, Katembo. Kidole hakijaingia mule hata siku moja."

Aliweka ndoo chini. Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti, kisha nikaona kwamba hacheki tena. Niligeuka, nikakivuta kichwa chake, nikakiegemeza mgongoni kwangu, pale pale alipokuwa analala akiwa mdogo. Tukakaa hivyo mpaka mvua ikaanza. Tukahesabu pamoja mpaka kumi, halafu akaenda kuweka ndoo.